Mkono Juu ya Pompi

Pale Baraka wanawake wengine wanajulikana kwa sauti zao za kanisani na wengine kwa ulimi wao. Adolphine alijulikana kwa arozwari zake mbili, zile ndoo za bati zenye mdomo mrefu wa kunyunyizia. Kiangazi chote ungemwona nazo, moja kila mkono, akipanda ukingo wa mto Mutambala asubuhi na jioni, maji yakimlowesha kitenge hadi magotini. Juu ya ukingo ndiko ilikokuwa bustani yake: nyanya, vitunguu, lengalenga, na kabichi kidogo za kuwauzia wageni. Bustani ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Mume wake Norbert alikuwa mvuvi kwenye boti ya Zuberi, na mvuvi, kila mke wa mvuvi anakuambia, leo analeta ndagala, kesho analeta hadithi.

Alipojifungua mtoto wake wa mwisho, kitu kiliharibika ndani yake. Halikuwa jambo la kusimulia mbele za watu. Kila alipopanda ukingo na maji alihisi kizazi kinavuta chini, kizito, kana kwamba kinatafuta njia ya kutoka. Alijikaza. Alifunga kitenge kwa nguvu kiunoni na kuendelea kupanda, maana nyanya zilikuwa zinataka maji na hakukuwa na mtu mwingine wa kuzipa. Ilifika siku akashindwa kusimama wima, ndipo akapanda pikipiki kwenda hospitali ya Nundu. Muuguzi aliyempima alikuwa mama mtu mzima asiyejua kupaka maneno mafuta.

"Mama, kizazi yako iko nashuka," alimwambia. "Ukiendelea kubeba maji, siku moja itatoka yote inje. Usinyanyue tena ndoo. Umesikia? Ata moja."

"Na bustani?"

"Mi siko muganga ya bustani."

Adolphine alirudi Baraka akamweleza mume wake kila kitu, bila kuficha neno. Norbert aliumia kweli. Hakuwa mtu mbaya, na afadhali niliseme hilo mapema, maana huko mbele nitashindwa kulisema. Aliketi kwenye kigoda, kichwa mikononi, akasema, "Pole sana, mama Clarisse, pole sana," na machozi yalimlengalenga. Kesho yake alichukua arozwari mwenyewe akashuka mtoni. Kesho kutwa akashuka tena. Lakini wenzake wa boti walimwona kutoka barabarani, wakampigia mluzi, wakamwita kwa sauti nyembamba, "Mama Norbert! Mama Norbert, utuuzie lengalenga!" Norbert akaziweka zile arozwari chini palepale njiani, zikiwa na maji yake, akaenda zake pwani. Adolphine ndiye aliyekwenda kuziokota.

Baada ya hapo zikaja habari za pompi. Shirika moja lilikuwa likitoa mashine za kumwagilia kwa familia zenye bustani kando ya maji, kuanzia Mboko hadi Baraka, na jina la familia ya Norbert lilikuwamo. Mashine zilikuwa za aina mbili, kubwa na ndogo, na kila familia ilitakiwa kuchagua moja.

Adolphine hakuhitaji kuambiwa achague ipi. Mboga zake alikuwa akizipeleka kwenye nyumba moja ya wageni karibu na ziwa, na mbele ya nyumba ile kulikuwa na uwanja wa pasipalumu, ile nyasi fupi ya kupendeza macho ambayo haili mtu wala mbuzi. Msimamizi wake, kijana aitwaye Lionel, aliimwagilia jioni kwa pompi ndogo ambayo mtu anaibeba kwapani kama kuku. Mwanzoni Adolphine alikuwa akisimama pale na kikapu chake kichwani, anatazama, anameza mate machungu. Nyasi inapewa maji na mashine, yeye anabeba kwa mikono yake! Siku moja akamwomba Lionel amwachie ashike tiyo, ule mpira wa maji. Maji yalitoka kama mvua ya mwanzo, laini, na hata jani moja halikulala. Alisimama pale akimwagilia nyasi ya watu hadi Lionel akacheka.

Asubuhi ya siku ya kuchagua, alimpigia pasi mume wake shati jeupe, kwa sababu ilitangazwa kwamba shefu wa familia ndiye atakayesimama mbele.

"Papa Clarisse, tuchague ile kadogo," alimwambia huku akimfunga kifungo cha shingoni. "Kwanza haitauwa mimea. Tena haikunywi esansi mingi. Na kingine, sikia hii vizuri: ile kubwa njo wanatafuta kule ku Kilembwe, ku mashimo ya zahabu. Tukichukua kubwa, haitalala hapa. Kadogo hakuna mwanaume atakataka."

"Iko sawa," Norbert alisema.

"Uniambie tu: kadogo."

"Kadogo, mama Clarisse. Nimesikia. Ni ju ya afya yako, mi siko mujinga."

Basi wakaenda. Uwanja ulikuwa umejaa. Mtu wa shirika, bwana mmoja aitwaye Isidore, alikuwa amezipanga mashine safu mbili, na kwa kuwa alitaka kazi iende upesi bila magomvi, alikubali ushauri wa wazee wa pwani kwamba watu wachague kama wavuvi wa pale wanavyogawana samaki. Namna yao ni hii: boti ikirudi alfajiri, ndagala zinamwagwa mchangani mafungu mafungu, na kila mvuvi anaweka mkono juu ya fungu analolitaka. Akishagusa amegusa. Hata akiona kwamba fungu la jirani yake limemzidi, mkono haurudi nyuma, na anayeurudisha anachekwa mpaka uzeeni. Kwa samaki ni utaratibu mzuri, unamaliza maneno. Isidore, mtu wa kutoka Bukavu, aliuona mzuri kwa pompi pia.

Walioitwa kwanza walikuwa akina mama wasio na waume. Bushira, mjane ambaye bustani yake ilipakana na ya Adolphine, alikwenda moja kwa moja akaweka mkono juu ya pompi ndogo, akaipakata, akaondoka nayo. Hakuna aliyemcheka. Mjane na pompi ndogo, wanaume wale hawakuona ajabu.

Kisha likaitwa jina la Norbert. Alitoka mbele na shati lake jeupe, akaielekea safu ya zile ndogo kama walivyoagana. Alikuwa amebakiza hatua chache tu. Ndipo Zuberi, tajiri wake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki miongoni mwa wakubwa, akapaza sauti:

"We Norbert! Hiyo iko pompi ao iko biberoni?"

Uwanja mzima ulicheka. Norbert naye akatabasamu, akasimama.

"Boti yangu iko na shevo makumi ine," Zuberi aliendelea, maana pwani ile hesabu ya heshima ni nguvu za farasi za mashine ya boti. "Sasa mutu wa boti yangu atarudi ku nyumba na kitu ya kunyonyesha batoto? Unanifanyia haya, bwana!"

Adolphine, kutoka upande wa wanawake, aliona shingo ya mume wake ikikaza ndani ya kola aliyoipiga pasi mwenyewe. Aliita, "Papa Clarisse!" Sauti yake ilizama katika kicheko. Norbert aligeuka, akavuka kwenda safu ya pili, akaweka mkono juu ya ile mashine kubwa kuliko zote, na wanaume wakapiga makofi.

Adolphine alijipenyeza hadi kwa Isidore. Alimwambia kwamba mume wake amekosea, kwamba wao bustani yao ni ndogo, waomba kubadilisha. Isidore alikuwa tayari, alikuwa hata ameshanyoosha kidole kwenye pompi ndogo. Lakini wanaume wakapiga kelele kwa pamoja, "Ameshagusa! Ameshagusa!" Na Norbert mwenyewe, aliyejua vizuri kuliko wote kwa nini mke wake anaomba, alisema, "Mama, acha. Nimeshagusa."

Njiani aliisukuma mashine juu ya baiskeli ya kuazima, jasho likimtiririka, na Adolphine alitembea nyuma yake.

"Tulisema aje asubui?"

"Ulisikia vile Zuberi alisema."

"Nilisikia. Zuberi njo iko na kizazi yenye kushuka?"

Norbert aliisukuma baiskeli kwa nguvu zaidi. Kisha akapata neno la kujitetea, na kwa kuwa lilikuwa na sura ya akili akalishikilia mpaka nyumbani. "Kubwa inaweza kufanya kazi ya kadogo, mama Clarisse. Lakini kadogo hakawezi kufanya kazi ya kubwa."

Siku ya kuijaribu, nusu ya pwani ilikuja kutazama. Walikuja mabaharia wa Zuberi, walikuja vijana wa pikipiki, alikuja na Zuberi mwenyewe. Norbert alivuta kamba, mashine ikanguruma, tiyo iliyolala chini ikavimba ikaanza kujinyonganyonga. Maji yakatoka. Hayakunyunyizia, yalipiga. Yaliupata kwanza mraba wa vitunguu vilivyohamishwa juma lile lile, vikaruka na udongo wake. Norbert alipojaribu kugeuza, tiyo ilimvuta huku na huku kama mtu aliyeshika kamba ya fahali, na maji yakapita kwenye nyanya yakavunja miti iliyozishikilia, yakachimba mfereji katikati ya lengalenga, na udongo mweusi ambao Adolphine aliulisha samadi miaka yote ukashuka ukingoni ukarudi mtoni.

"Zima!" Adolphine alipiga kelele. "Zima, Norbert, zima!"

Hakusikika. Waliosikika walikuwa wanaume. "Eeh, iko na nguvu! Angalia nguvu ile!" Walikuwa wakishangilia kwa furaha ya kweli, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba pale chini ya maji palikuwa na bustani ya mtu.

Norbert alisema tatizo ni dogo tu, kinatakiwa kipunguzio na mdomo wa kunyunyizia, atavitafuta Uvira. Akaenda Uvira na boti, akarudi, akasema hakupata nafasi. Mashine ikaingizwa ndani, ikafunikwa kitambaa cha meza, ikawekwa pale wageni wanapoketi. Waliokuja walifunuliwa, wakaigusa, wakasifu. Adolphine alipita kando yake kila asubuhi akienda kuchukua arozwari zake nyuma ya mlango. Alikuwa akijaza nusu tu sasa, ili isiwe nzito, kwa hiyo alipanda ukingo mara nyingi zaidi. Utasema basi nafuu ilikuwa wapi? Haikuwapo.

Haukupita muda mrefu, mdogo wake Norbert, Wilfried, akateremka kutoka Kilembwe. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu, amevaa kofia ya rangi na uchovu wa macho, na maji yalikuwa yamejaa kwenye mashimo yao. Aliifunua ile mashine, akaizunguka polepole.

"Yaya, kitu kama hii inalala?" alimuuliza kaka yake. "Inalala mu nyumba kama mugonjwa? Kule ku shimo batu banaitafuta na machozi. Ni ju ya juma mbili tu, tunavuta maji, tunaona mawe, inarudi."

 Norbert alimtazama mke wake, na Adolphine akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yake. Alikwenda akakalia mashine. Aliketi juu yake na kitenge chake cha bustani, mikono magotini, akatazama ukuta.

"Shemeji," Wilfried alisema, "simama basi."

"Hii pompi ilitolewa ju ya bustani. Mukitaka kuibeba, munibebe nayo."

Majirani walikuwa wameanza kusimama mlangoni. Norbert alichuchumaa mbele ya mke wake, akamsemesha kwa sauti ya chini, sauti nzuri aliyokuwa nayo siku za uchumba. "Mama Clarisse, batu banaangalia. Usinitie haya mbele ya mudogo yangu. Nakuomba."

Adolphine alisimama. Alikuwa amelelewa hivyo, na mtu akilelewa hivyo miguu husimama yenyewe kabla ya kichwa. Walifunga mashine kwenye pikipiki, na Norbert akaamua kuisindikiza, ati asije mtu akaiharibu. Zuberi alimpa ruhusa kwa mikono miwili. Mtu wake anakwenda kwenye dhahabu na mashine yake mwenyewe, hiyo ilikuwa sifa kwa boti nzima.

Majuma mawili yakapita, ukapita mwezi, na kiangazi kikakaza. Upande wa pili wa ua wa matete, bustani ya Bushira ilikuwa kijani kibichi. Pompi yake ndogo ilikohoa kule chini mtoni, na yeye alitembea katikati ya mistari akiwa na tiyo begani, anaimba. Adolphine alimwonea wivu hadi akajiogopa. Kuna asubuhi alimwombea mashine yake ife, kisha akaona haya mbele ya Mungu, akatubu, na kesho yake akaomba vilevile.

Bushira hakujua hayo, au alijua akajitia hamnazo. Jioni moja alimwita kutoka kwenye ua.

"Mama Clarisse, we unajiua na zile ndoo. Mi nikimaliza kwangu, nitageuza tiyo kwako. Ua hii tunafungua kidogo tu. Maji iko ya muto, haiko ya baba yangu."

Adolphine alishukuru, akasema atamuuliza kwanza mume wake. Norbert alipopiga simu kutoka Kilembwe, sauti ikikatika na mashine ikinguruma nyuma yake, alimweleza.

"Hapana," Norbert alisema. "Muke ya mutu mwenye pompi kubwa anaenda kuomba maji kwa mujane? Batu batasema nini? Univumilie kidogo, niko nakuja."

Naye akatii. Hapo mimi namkasirikia Adolphine pia, lakini sikuwa mimi niliyeishi katika nyumba ile. Alikwenda kumwambia Bushira kwamba baba watoto amekataa, na Bushira akamtazama, akasema tu "Haya," akarudi kwenye maji yake.

Jambo lenyewe lilitokea jua likiwa tayari kali, karibu na juu ya ukingo. Adolphine alikuwa amebeba arozwari moja tu siku hiyo. Alihisi kama kitu kimekatika, kisha joto, kisha uzito kati ya mapaja yake usiokuwa wake. Aliketi chini, akajifunika kwa kitenge, akaita. Bushira aliruka ua. Wanawake wa bustani za jirani walimzunguka na vitenge vyao vimeshikwa juu kama kuta, ili vijana wanaopita barabarani wasione, na wakamchukua hivyo mpaka kwenye pikipiki. Nundu walikirudisha kizazi mahali pake, wakakiwekea kitu cha kukishikilia, wakasema atahitaji kupasuliwa, na kwamba tangu siku hiyo hata sufuria la maji ya kuoga anyanyuliwe na mtu mwingine. Alirudi nyumbani akitembea miguu imeachana. Bustani ilikuwa imekauka robo tatu. Binti yake Clarisse alikuja kutoka Mboko alikoolewa, akamwagilia alivyoweza siku alizopewa ruhusa na mume wake, kisha akarudi kwake.

Norbert alirudi baadaye, amekonda, mikono mitupu. Shimo lilikuwa limebomoka upande ule wa mashine. Udongo na maji vilishuka vikaifunika, na walipojaribu kuichimba, ukuta mwingine ukashuka. Kwa rehema za Mungu hakukuwa na mtu ndani. Alimsimulia mke wake yote hayo akiwa ameinamisha kichwa, na Adolphine, aliyekuwa amelala kwa ubavu, alisikiliza. Angeweza hata kumhurumia. Lakini kabla ya kumaliza, Norbert aliinua kichwa na macho yakamng'aa.

"Lakini ungeisikia, mama Clarisse! Vile ilikuwa inavuta maji! Kilembwe yote ilikuwa inajua hii ni mashine ya Norbert."

Adolphine aligeukia ukutani.

Kisha ikasikika kwamba wakubwa wa shirika wanakuja kuzitazama pompi zao. Isidore alikuwa ameshahamishwa, na watu wa ofisi waliokuja na mgeni wa heshima hawakuwa wameiona siku ile ya kuchagua. Norbert hakulala vizuri. Alivaa tena lile shati jeupe, ambalo sasa kola yake ilimzunguka shingo bila kuigusa, akamsihi mke wake aende naye bustanini. "Usiniuze," alisema. "Mbele ya batu, usiniuze." Adolphine alikwenda, taratibu, ameshika mkono wa Bushira.

Magari yalisimama barabarani. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Rosette, mpole, mwenye miwani, aliyesalimia kila mama kwa mikono yake miwili. Nyuma yake walikuwa wanaume wa ofisi na wakubwa wa pwani, Zuberi akiwa mmoja wao, na nyuma yao watu wa kutazama tu. Walianza kwa Bushira, wakasifu, wakapiga picha. Kisha wakavuka kwa Adolphine, na Rosette akayaona matuta yaliyopasuka, na nyanya zilizobaki zimesimama kama fimbo.

"Pompi ya hapa iko wapi?"

Norbert alifungua mdomo. Alieleza kwamba mashine ilikuwa na nguvu mno kwa bustani, ikaazimwa, ikapatwa na ajali. Alieleza kwa maneno mengi, na Rosette alingoja mpaka yalipokwisha.

"Lakini bustani ni ndogo hivi," alisema. "Kulikuwa na pompi ndogo, za kutosha kabisa. Nani kati yenu alichagua ile kubwa?"

 Kila mtu wa Baraka aliyesimama pale alijua jibu. Bushira alijua, wanawake waliomfunika kwa vitenge walijua, na Zuberi alijua kuliko wote, akatazama viatu vyake. Adolphine alimtazama mume wake. Alisimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alikuwa mzee ghafla. Miaka yote waliyokaa pamoja ilimjia Adolphine kifuani, akamwonea huruma, huruma ya kweli iliyomshinda nguvu.

"Ni mi," alisema. "Mi njo nilichagua. Yeye aliweka tu mukono."

Bushira aliuachia mkono wake.

Rosette alitikisa kichwa bila ukali. Alimshika Adolphine bega, kisha akawageukia wenzake akitabasamu. "Munaona? Bamama yetu banapenda vitu vikubwa. Safari ingine itabidi tuanze na kufundisha bamama kuchagua."

Wanaume wakacheka. Walicheka wa ofisi, kwa adabu. Wakacheka watu wa barabarani. Zuberi alicheka akishika tumbo, kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Na katikati ya vicheko vile Adolphine alikisikia kimoja anachokijua, kwa sababu amelala kando yake tangu usichana wake. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo, na Norbert alikuwa akitikisa kichwa pamoja na wenzake, kama mwanaume anayewaambia wanaume wengine kwamba, ndiyo, wake zetu ndivyo walivyo.

Wageni walianza kurudi kwenye magari yao. Norbert alimsogelea mke wake, akamnong'oneza.

"Asante, mama Clarisse. Umeniponya."

"Ulicheka."

"Bote balicheka. Ningefanya aje?"

"Bale ba ofisi habakujua. We ulijua, na ulicheka."

Norbert alipangusa shingo kwa leso. Alisema jua ni kali, waende nyumbani, watayazungumza.  Adolphine alikuwa amemvumilia siku ya mkono, na siku ya vitunguu, na siku ya Wilfried. Hata ile siku ya ukingoni alikuwa ameanza kuimeza kidogo kidogo. Kicheko kile hakikupita kooni. Alimchukia, na aliposhtuka kwamba anamchukia hakujaribu kujizuia.

Alitembea na miguu yake iliyoachana hadi kwenye ua wa matete. Magari yalikuwa hayajaondoka, watu walikuwa bado wamejaa barabarani, na Zuberi alikuwa akiagana na wakubwa. Aliita kwa sauti ya kusikika kwa wote.

"Bushira! Nakuomba maji."

"Mama Clarisse," Norbert alisema nyuma yake, "batu bangali hapa."

"Baangalie."

Norbert alitazama barabarani, akatazama mke wake, akaanza kuteremka upande wa mto ambako hangeonekana. Bushira alikuwa bado amenuna kwa ule uongo. Alisimama kidogo na mikono kiunoni. Kisha akafungua ua, akaivuta tiyo mpaka upande wa pili, akamwekea Adolphine kigoda aketi.

Akaanza kumwagilia mwanzo wa bustani, tuta kwa tuta, bila haraka. Mimea iliyokuwa bado hai ilikuwa michache. Bushira aliimwagilia yote, hata iliyokwisha kufa, kwa sababu hakutaka kumwonyesha Adolphine ni ipi. Adolphine aliijua yote, akamwacha amwagilie.